Natazama Mwezi, Nakata Tiketi

Kabla sijakata tiketi ya treni natazama kwanza mwezi. Watu wa bara nikiwaambia hivyo hudhani natania, au hudhani sisi wa Lamu hatusafiri mpaka tupigiwe ramli. Ni hesabu ya maji tu. Reli iko Mombasa, mimi niko kisiwani, na natembea kwa kiti cha magurudumu. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa mishale ya saa kumi alfajiri, na yakijaa, boti hupanda ikakaribia kulingana na gati. Hapo naweza kupita. Yakipwa, boti iko chini kama ndoo kisimani, na baina yangu na yeye kuna ngazi zenye ukoga wa kijani. Hapo sipiti. Hapo nabebwa.

Kubebwa kwenyewe Lamu si kitu cha kutafuta. Hatuna uhaba wa mikono. Nikifika tu gatini, kabla sijafunga breki, vijana wanne wa boti wamekwisha kunizunguka: mmoja kwapa la kulia, mmoja la kushoto, mmoja miguu, wa nne amekwisha kukiinua kiti juu ya kichwa kama sinia la mikate ya mofa. "Tutamtukua, hana uzito!" Wanaambiana wao kwa wao, mimi sisemeshwi. "Bismillahi. Moya, mbili, tatu!" Na mimi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye buibui langu na ushungi wangu, napita hewani. Mkono mmoja nashika ushungi, mkono wa pili navuta buibui lisipande, na mkono wa tatu, ambao Mungu hakunipa, ndio ungeshika mkoba.

Nawaombea dua vijana hawa, kwa dhati. Mara moja tu walinichovya baharini, na yule aliyeteleza alilia kuliko mimi. Lakini hebu fikiria kwamba kila unapotaka kutoka mjini kwenu sharti uukabidhi mwili wako kwa wanaume usiowajua majina, halafu uwashukuru, halafu urudi uwakabidhi tena. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniambia nisione haya kusaidiwa. Sioni haya. Nachoka tu.

Miguu yangu iliniaga nikiwa na miaka mitatu, kwa polio. Mji niliokulia umejengwa kwa ajili ya miguu ya watu na kwato za punda: vichochoro ambamo wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu, nyumba za mawe zenye daka na baraza, na karibu kila mlango una ngazi zake mbili tatu kabla hujakifikia kizingiti. UNESCO waliutia Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Naupenda urithi huo, nalala ndani yake, ila kwa magurudumu yangu ni kizingiti baada ya kizingiti. Usita wa Mui, ile njia kuu ya mjini, naumudu, nikiwa na subira ya kungoja punda wenye mizigo wapite kwanza. Vichochoro vya juu huko nimewaachia wenye miguu.

Chuoni, nilikosoma Kurani, darasa lilikuwa ghorofani. Nilipanda kwa kutambaa, juzuu nimeitia kwenye kifuko shingoni isiguse chini, ngazi kumi na moja, na maalim alikuwa akingoja nifike ndipo aanze kusomesha. Hakunibeba hata siku moja. Zamani nilidhani ni ukali. Siku hizi sina hakika.

Skuli nilikwenda kwa punda wa baba. Watu husahau kwamba punda hahitaji ngazi. Anasogezwa ubavu kwenye baraza, wewe umekaa barazani, unajivuta kidogo, umo mgongoni. Kimo kwa kimo. Sijui ni nani aliyekadiria kimo cha baraza letu, lakini alikuwa kama amempima yule punda. Hilo ndilo jukwaa la kwanza nililolijua maishani, na lile ndilo behewa langu la kwanza, na mpaka leo sijapanda treni iliyokaa na jukwaa lake vizuri kama punda wa baba alivyokaa na baraza letu. (Na punda wa Lamu, kwa taarifa yako, wana kliniki yao ya hisani tangu mwaka 1987. Siwaonei wivu. Kidogo tu.)

Ukiyasikiliza maneno ya wahandisi wa stesheni duniani, sehemu kubwa yanarudi kwenye jambo hilohilo: sakafu ya behewa iwe kimo kimoja na jukwaa, na mwanya baina yao uwe mdogo usiomeza gurudumu. Kisha kuwe na njia isiyo na ngazi kutoka barabarani mpaka kwenye jukwaa hilo, choo ambacho mlango wake unapitisha kiti, na tangazo ambalo asiyeona atalisikia na asiyesikia atalisoma. Si elimu ya nyota. Na wenye treni wana neema ambayo hawaijui: treni haielei. Jukwaa likishawekwa sawa na sakafu ya behewa, litakuwa sawa Ijumaa na Jumamosi, litakuwa sawa kwa mjukuu wa aliyelijenga. Gati letu kila baada ya saa sita ni gati jingine. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hupanda na kushuka karibu mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, huwa afadhali.

Ami yangu ni fundi wa majahazi, mtu wa Matondoni. Miaka michache nyuma alikuja gatini kunisindikiza, akaniona nikibebwa, akasimama mikono nyuma, hakusema kitu. Wiki iliyofuata alikuja nyumbani, akapiga goti mbele ya kiti changu bila salamu ndefu, akaanza kukipima kwa shibiri. Shibiri tatu kasoro kidogo, nje ya gurudumu mpaka nje ya gurudumu. Akatafuta mbao zilizobaki katika mashua. Alitaka atumie mbambakofi, nikamkataza: ubao wa mbambakofi nani ataubeba? Akauchonga urefu wa pima moja na nusu, pembeni akapigilia kingo mbili za kuzuia magurudumu yasiteleze nje, juu akapaka rangi ya mafuta, na rangi ikiwa bado mbichi akanyunyizia mchanga wa pwani ili magurudumu yapate kushika. Chini akaupaka sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo. Ukanuka wiki mbili. Watoto wa mtaani wakasema ubao wa bibi una sifa, na kweli ulikuwa nazo.

Mara ya kwanza kuutumia ilikuwa bamvua, maji yamejaa hasa. Wale vijana wanne walisimama kando, mikono inawawasha. Niliweka magurudumu ya mbele juu ya ubao, nikasukuma mara nne, nikawa ndani ya boti. Hakuna aliyenigusa. Nahodha, mzee ambaye amenibeba tangu nikiwa msichana, aliuliza, "Basi?" Nikamjibu, "Basi."

Kwa hiyo sasa najua hesabu ambazo zamani sikuzijua. Kipimo kinachotumika Marekani na nchi nyingi kwa mteremko wa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12: ukitaka kupanda mita 1, mteremko uwe na urefu wa mita 12. Ukiufupisha zaidi, mwenye kiti ataupanda kwa kusukumwa na kuushuka kwa kumtaja Mungu. Ubao wa ami, wa pima moja na nusu, kwa hesabu hiyo unastahili kupanda sentimita 22 au 23, si zaidi. Ndiyo maana ni wa maji kujaa tu. Nilimwambia ami kwamba kwa mita 3 za bamvua tungehitaji mteremko wa mita 36. Akafumba jicho moja kama anavyofanya akitazama mkuku wa jahazi, akasema, "Hilo si ubao, hilo ni jahazi mbili zimelala." Halafu akasema cha kufanya ni gati linaloelea, liende na maji pamoja na boti, kimo kwa kimo, na mteremko mrefu wa kuliunga na nchi kavu. Hakusoma uhandisi popote. Mambo kama hayo yapo katika bandari nyingi duniani, na fundi wa Matondoni aliyafikia akiwa amekaa juu ya gogo.

Safari ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya kwenda Nairobi kupimwa kiti kipya. Nilichagua siku ya mwezi mpevu. Mpwa wangu, binti wa dada, alifuatana nami. Saa kumi na moja alfajiri maji yalikuwa yameanza kupwa kidogo, ubao ukakaa vizuri bado, nikapita. Ng'ambo ya pili, Mokowe, nikapita tena. Ubao tukauacha kwa mama mmoja muuza mahamri pale gatini, ambaye huulaza nyuma ya jiko lake na hanilipishi, ila sharti ninunue mahamri.

Basi ni hadithi nyingine. Mlango wa basi una ngazi tatu ndefu na nguzo katikati, na hakuna ubao wa fundi yeyote utakaousaidia. Nilibebwa na makanga na abiria mmoja. Sikuwa nimekunywa maji tangu baada ya isha, kwa sababu basi halina choo, na choo cha njiani, hata kikiwa safi, mlango wake haupiti kiti. Sisi tunaosafiri hivi tuna saumu mbili. Ya Ramadhani ina futari yenye saa yake. Hii nyingine utafuturu utakapofika. Barabara siku hizi ni nzuri, kilomita 135 za Lamu, Witu na Garsen ni lami. Penye vizuizi vya usalama abiria wote hushuka kukaguliwa, mimi hubaki peke yangu ndani ya basi tupu, na askari hupanda kunitazama kitambulisho. Mmoja aliuliza kwa upole kwa nini sikushuka. Nikamwonyesha kiti, kimekunjwa kwenye ujia. Akasema pole. Nikamwambia usijali, ndiyo nafasi yangu pekee ya kukaa na basi zima.

Usiku huo tukalala Mombasa kwa mama mdogo, na kesho yake alasiri tukaenda Miritini. Treni ya Madaraka Express ilizinduliwa 31 Mei 2017, na stesheni yake ya Mombasa imebuniwa kwa mfano wa mawimbi, duara ndani ya duara kama ukitupa jiwe kwenye maji, mnara katikati. Watu husifu mnara. Mimi nisifie sakafu. Kwa mtu aliyetoka Usita wa Mui, sakafu pana namna ile, iliyolala kama maji ya asubuhi, ni kitu cha kutia wazimu. Nilisukuma mara moja nikaenda peke yangu mbali, mpwa wangu akabaki nyuma na mikoba akiniita. Penye ukaguzi mizigo ikapangwa mstari chini ili mbwa wapite wakinusa, na mbwa mmoja akasimama kwenye begi letu muda mrefu kidogo. Ilikuwa nguru mkavu wa mama mdogo.

Lakini kilichonikaa moyoni si sakafu. Ni kwamba msichana mmoja mfanyakazi, mwenye sare yake, alikuja akainama kidogo hadi usawa wa macho yangu, akauliza, "Mama, ungependa nikusaidie vipi?" Hakumuuliza mpwa wangu. Hakushika kiti kwanza halafu ndiyo aulize. Nikamwambia nashika mwenyewe, anioneshe njia tu, na penye mwanya wa behewa ashike nyuma ya kiti. Akafanya hivyo hivyo, wala hakuongeza. Nilihamia kwenye kiti cha abiria karibu na mlango, changu kikakunjwa, na saa tisa kamili treni ikaondoka. Mpwa wangu akaanza kuhesabu tembo wa Tsavo. Mimi nilinywa maji, chupa nzima, kwa mara ya kwanza nikiwa njiani tangu Lamu.

Si kila mahali nimekuta hivyo. Kuna stesheni moja, nchi nyingine, miaka ya nyuma, nitaiacha bila jina lake. Nilikuwa nimealikwa semina huko. Jengo jipya, vioo vitupu, na ukutani alama ya bluu ya kiti cha magurudumu yenye mshale, nikaufuata kwa furaha mpaka kwenye mlango wa lifti. Lifti ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Kufuli la kawaida, la shaba, kama la duka. Mlinzi akaniambia ufunguo uko kwa bwana fulani, na bwana fulani amekwenda kula. Nikauliza anarudi saa ngapi. Akanitazama kwa huruma, akageuka, akapiga mluzi, na nikawaona wanakuja, vijana wanne. Nilicheka mpaka mlinzi akaogopa. Maelfu ya kilomita kutoka gati la Lamu, na wanne ni walewale, kwapa la kulia, kwapa la kushoto, miguu, kiti kichwani.

Lifti ile, nina yakini, imo katika ripoti mahali fulani. Aliyeipigia tiki hakudanganya, ipo. Ndiyo maana siamini sana stesheni inayohesabiwa kwa vitu vilivyomo. Ningependa ihesabiwe kwa watu waliopita wenyewe toka mlangoni mpaka kwenye kiti, na toka kwenye kiti mpaka nje, bila kumtafuta mwenye ufunguo.

Wenzetu wenye reli za zamani wanalipia sasa walichokisahau. New York wana stesheni 472 za treni za chini kwa chini, za kwanza zilifunguliwa mwaka 1904, na wakati ule aliyezichora hakunifikiria. Baada ya kesi za muda mrefu walikubaliana mwaka 2022 kwamba angalau asilimia 95 ya stesheni ambazo hazijafikika zitakuwa zimefikika ifikapo 2055. Mwaka 2055 mimi, nikijaliwa, nitakuwa na miaka 71. London, ule ukoo wa njia za zamani una ngazi kila pembe, lakini njia mpya ya Elizabeth iliyoanza kazi Mei 2022 ina stesheni 41 na zote unazifikia bila kupanda ngazi hata moja. Mji mmoja, watu walewale. Tofauti ni kwamba hii ilichorwa baada ya wenye viti kugombana. Na zile tofali za njano zenye vinundu unazoziona kwenye ukingo wa majukwaa, ambazo wengi hudhani ni pambo, ni za Wajapani: Seiichi Miyake alizibuni mwaka 1965, na mwaka 1967 zikawekwa kwa mara ya kwanza barabarani, Okayama, karibu na shule ya wasioona. Mguu ndio unaosoma. Mwenye fimbo akivifikia vinundu anajua hatua inayofuata si ya kupigwa.

Kisa kinachonirudia zaidi ni cha Washington. Tarehe 12 Machi 1990, sheria ya haki za walemavu ya Marekani ikiwa imekwama bungeni, watu wapatao 60 waliacha viti na magongo yao chini ya ngazi za jengo la Bunge, wakatambaa kupanda. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka 8, Jennifer Keelan. Rais alitia sahihi 26 Julai mwaka uleule. Mwaka ule mimi nilikuwa na miaka 6, nami nilikuwa natambaa ngazi kumi na moja za chuo, juzuu shingoni. Sikuwa naandamana. Nilikuwa nakwenda kusoma tu. Lakini nilipoiona picha yake nikiwa mtu mzima, nilikitambua kile kiwiko, namna kinavyotangulia kabla ya goti.

Kwetu Kenya sheria hazikukosekana. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliyapa majengo ya umma miaka 5 ya kujirekebisha tangu kifungu chenyewe kianze kufanya kazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia mahali pote, usafiri wa umma na habari, kwa kiasi kinachofaa. Na mwaka 2025 tumepata sheria mpya kabisa. Nimezisoma. Zinasomeka vizuri.

Sasa nikwambie kwa nini mtu wa kisiwa kisicho na reli anajisumbua na stesheni. Lamu tunayo reli. Iko kwenye karatasi. Mpango wa LAPSSET ulizinduliwa hapahapa 2 Machi 2012, marais wa Kenya na Sudan Kusini na waziri mkuu wa Ethiopia wakiwapo: bandari, barabara, bomba la mafuta, na reli ya kutoka Lamu kwenda Isiolo, kisha Juba na Addis Ababa. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa 20 Mei 2021 na meli zinatia nanga. Reli haijafika. Wengine wanasema haitafika katika uhai wetu. Huenda. Ila stesheni ambayo haijajengwa ndiyo pekee ambayo bado haina ngazi. Wakati wa kusema kimo cha jukwaa ni sasa, ikiwa bado ni mchoro, ikiwa kuongeza mteremko ni kuongeza mstari wa penseli, si kuvunja zege. Na nikialikwa kwenye kikao cha namna hiyo, na sijaalikwa, nitawaambia wasianzie kwenye mlango wa stesheni. Waanzie kwenye baraza langu. Wahesabu kila mahali nitakapobebwa kabla sijaiona hiyo treni. Miritini nilifurahi, lakini kufika Miritini nilikuwa nimekwisha kubebwa na wanaume wawili na kufunga kutwa nzima.

Kiti kipya kilikuwa kizuri, chepesi, cha rangi ya buluu iliyoiva. Walinipima kiuno, mapaja, urefu wa mkono. Tukarudi kwa treni, tukalala Mombasa, tukapanda basi asubuhi, na saa tisa alasiri tukawa Mokowe. Mwezi ulikuwa umekwisha kupungua. Maji yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kujaa, na boti ziko chini. Vijana wakaja. Nikawaambia nangoja maji.

"Mpaka lini?"

"Mpaka yajae."

Mmoja akakaa nami kwenye kivuli cha yule mama wa mahamri. Tukahesabu ngazi za gati. Saa kumi zilikuwa nane juu ya maji. Saa kumi na moja, tano. Alinisimulia kuhusu babu yake ambaye hatoki Lamu tena tangu akatwe mguu kwa sukari, ana miaka minne hajavuka. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hataki kubebwa na watoto. Ngazi ya nne ikazama, hatukusema kitu kwa muda.

Karibu na magharibi boti ilikuwa imepanda vya kutosha. Mpwa wangu akauleta ubao, tukauweka, nikasogea, na magurudumu ya nyuma yakakataa. Kiti kipya kilikuwa kipana kuliko cha zamani kwa vidole viwili. Kingo za ami hazikikubali. Nilikaa pale nikiutazama ubao, na wale wanne wakasogea taratibu, kwa adabu, kama watu wanaokuja matangani.

Kijana wa babu yake hakusogea. Alichukua panga la mama wa mahamri, akaligeuza, akapiga kwa bapa la nyuma mara tatu, ukingo wa upande mmoja ukang'oka na misumari yake. Akaruka majini, akasimama maji ya kiuno chini ya ubao, bega lake limekaa pale ukingo ulipokuwa.

"Pita, mwalimu."

Nikapita.

Asubuhi ami alikuja, akauona ubao umeegemezwa ukutani, akaupapasa palipokuwa na ukingo. Akauliza ni mshenzi gani aliyetumia panga. Nikamwambia kiti kimeongezeka vidole viwili. Hakuniamini. Akapiga goti, akaanza kupima upya kwa shibiri.